Kutetemeka Mikono: Ni Ugonjwa, si Aibu



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu, leo napenda tuzungumze juu ya jambo tunaloliona katika safu zetu za sala lakini hatulisemi. Wapo wazee, na hata vijana, ambao mikono yao hutetemeka bila wao kutaka. Baadhi wameacha kuja msikitini kwa kuona haya. Wengine hudhaniwa ni walevi, au husemwa kuwa wana majini, wakapelekwa kwa wapiga ramli na kumaliza mali yao bure.

Ndugu zangu, kutetemeka ni dalili, na kila dalili ina sababu yake. Uko mtetemeko unaotokea mkono unapofanya kazi, kama kushika kikombe au kuandika. Huo mara nyingi hurithiwa katika ukoo, na huweza kuingia hata katika kichwa na sauti. Uko mwingine unaotokea mkono ukiwa umetulia juu ya paja. Huo ukifuatana na mwendo mzito, viungo kukakamaa na mwandiko kuwa mdogo, huenda ni ugonjwa wa Parkinson, ulioitwa kwa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Tena husababishwa na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, baadhi ya dawa za pumu, au kahawa nyingi.

Bondia Muhammad Ali, ndugu yetu Mwislamu, aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa Parkinson mwaka 1984. Mwaka 1996 aliwasha mwenge wa Olimpiki mjini Atlanta, mkono wake ukitetemeka mbele ya ulimwengu mzima, wala hakujificha. Ama hapa Tanzania, uchunguzi wa wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliochapishwa mwaka 2008, ulikuta kwamba wagonjwa wengi wa maradhi hayo hawakuwa wamepata kutambuliwa wala kutibiwa.

Basi tufanye nini? Kwanza, twende hospitali. Mtetemeko wa kurithi huweza kupunguzwa kwa propranolol, lakini mwenye pumu amweleze daktari, maana dawa hiyo yaweza kumdhuru. Mgonjwa wa Parkinson hupewa levodopa; haimalizi ugonjwa, bali humrudishia wepesi. Huinywa kwa saa zake, wala asiiache ghafla. Kwa hiyo kabla ya Ramadhani aonane na daktari, na asijikalifishe, kwani dini yetu imempa mgonjwa ruhusa.

Pili, apunguze kahawa na apate usingizi wa kutosha. Kikombe kisijazwe, na akishike kwa mikono miwili, viwiko vikiwa karibu na mwili.

Tatu, mtetemeko ukianza ghafla pamoja na udhaifu wa upande mmoja au ulimi kuwa mzito, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo. Na mgonjwa wa kisukari akitetemeka na kutoka jasho, huenda sukari imeshuka. Akiwa na fahamu, apewe kinywaji chenye sukari.

Mwisho, tusiwacheke wala tusiwakodolee macho. Tuwasaidie kutawadha, tuwawekee kiti, na wakikosekana safuni twende tukawajulie hali.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.