Dhahabu kwa Gramu, Bia kwa Macho

Msikilizaji, tangu soko la madini lifunguliwe Geita mwaka 2019, mchimbaji mdogo amezoea mizani: dhahabu yake hupimwa mpaka pointi ya gramu. Jioni akifika baa, mizani anaiacha mlangoni. Anauliza bei ya chupa, haulizi ujazo.

Tuseme chupa ya mililita 500 ni shilingi 2,000, na ya 330, ya kiwanda kipya chenye lebo ya kuvutia, ni 1,600. Ya pili inaonekana nafuu. Piga hesabu: ya kwanza ni shilingi 4 kwa mililita, ya pili karibu 4.85. Ushuru wa bia hutozwa kwa lita, kwa hiyo tofauti hiyo haitokani na ushuru; huenda inatokana na chupa, kizibo, lebo na usafiri, gharama zinazokiumiza kiwanda kichanga.

Hata viroba, vile vifuko vidogo vya plastiki vya pombe kali vilivyopigwa marufuku Machi 1, 2017, vilitufundisha kuwa kipimo kidogo huufanya ulevi uonekane rahisi.

Mwenye kiwanda ana haki ya kupanga bei. Mnywaji wa miji ya dhahabu kama Kahama au Katoro naye asome ujazo na kiwango cha kilevi kwanza. Dhahabu ilipimwa, inachonunua nacho kipimwe.