Kati ya Kadi na Kura: Wanafunzi wa Kolwezi na Uchaguzi



Mada niliyopewa ni namna ya kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vya Kolwezi kujiandikisha na kupiga kura. Naomba nianze kwa kutenganisha sehemu ya kwanza na ya pili, kwa sababu tumezoea kuzitamka kwa pumzi moja, na ndipo tunapopotea. Kujiandikisha hakuhitaji mahubiri mjini humu. Mwanafunzi asiye na kadi ya mpiga kura hupata shida kusajili laini ya simu kwa jina lake, hupata shida kufungua akaunti benki, na akienda kuomba kibarua kwenye kampuni ya mgodi wakati wa likizo, getini ataulizwa kadi kabla ya kuulizwa amesoma nini. Nchi yetu ya Kongo imekaa miaka mingi bila kuwagawia wananchi wake kitambulisho cha taifa, na tangu maandalizi ya kura za 2005 na 2006 kadi hii imebeba mzigo huo. Kwa hiyo CENI, tume ya uchaguzi, ilipofungua vituo vya kuandikisha hapa jimboni Lualaba, tarehe 25 Januari 2023, pamoja na majimbo mengine ya Katanga ya zamani na ya Kasai, vijana hawakungoja kualikwa. Walipanga foleni alfajiri, mvua ikinyesha.

Sasa tazameni upande wa pili. Nchi nzima iliandikisha watu karibu milioni 44. Tarehe 20 Desemba 2023, waliopiga kura walikuwa takribani milioni 18, yaani chini ya nusu. Sababu ni nyingi: vituo vilivyofunguliwa saa sita mchana, mashine zilizoishiwa betri, majina yaliyokosekana kwenye orodha, vita vya mashariki. Lakini kwa mwanafunzi ipo sababu moja ambayo haitajwi, nayo ni kalenda.

Hebu tumfuate kijana mmoja, tuseme anatoka Dilolo na anasoma mwaka wa tatu hapa Chuo Kikuu cha Kolwezi. Januari au Februari yuko mjini, darasani. Anajiandikisha kituo kilicho karibu na chumba anachopanga, kule Manika, moja ya komini za mji. Anapata kadi siku hiyo hiyo, anaitia mfukoni, anaendelea na masomo. Baadaye anamaliza mtihani, pengine anamaliza chuo kabisa. Chumba kina kodi na mjini hakuna chakula cha bure, basi anarudi kwao, au anakwenda Lubumbashi kutafuta kazi. Desemba ikifika, jina lake liko Manika, yeye yuko Dilolo, zaidi ya kilomita 400, katikati ya masika, kwa barabara mnayoijua na treni mnayoijua zaidi. Kura hupigwa pale ulipoandikishwa. Sheria inawaruhusu watu wachache kupiga mahali pengine, kama watumishi wa CENI walio kazini, mashahidi wa vyama na waangalizi. Mwanafunzi aliyeko likizo hayumo. Kadi yake ni halali kabisa, na haimsaidii kitu siku hiyo.

Jambo hili si letu peke yetu. Tanzania, mwaka 2010, wanafunzi wengi wa vyuo vikuu walikuwa wamejiandikisha karibu na vyuo vyao. Vyuo vikachelewa kufunguliwa hadi baada ya kura ya tarehe 31 Oktoba, na kelele zilizofuata zilikuwa kubwa, hasa kutoka kwa upinzani. Waliokuwa na nauli walisafiri. Wengine waliangalia matokeo kwenye televisheni za wazazi. Sitaki kuingia katika mabishano kama ilifanywa makusudi au la. Ninachotaka tukione ni kwamba tarehe ya kufungua chuo inaweza kuamua nani anapiga kura, na hakuna hata mmoja aliyenyang'anywa kadi yake.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mwanafunzi siku ya kuandikishwa si kama ana kadi ya chuo (ingawa sheria inaikubali kadi ya mwanafunzi kuwa uthibitisho). Aulizwe: mwezi wa Desemba utakuwa wapi? Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ambaye familia yake iko Dilala, hapa hapa mjini, ana jibu rahisi. Yule wa mwaka wa mwisho kutoka teritwari ya mbali kama Sandoa au Kapanga anahitaji mtu wa kukaa naye dakika kumi wafikiri pamoja. Kazi hiyo kamati za wanafunzi zinaiweza kuliko mtu yeyote, kwa sababu zinajua nani anaishi wapi na nani anaondoka lini.

Hapa najua nitagusa pabaya, maana swali la kuandikishwa wapi lina mvutano wake. Viti vya Bunge havigawanywi kwa kufuata idadi ya wakaaji, vinagawanywa kwa idadi ya walioandikishwa. Gawanyeni milioni 44 kwa viti 500: kila watu elfu 88 hivi walioandikishwa wanabeba kiti kimoja. Ndiyo maana, msimu wa kuandikisha ukifika, wakubwa wa kila teritwari hukumbuka ghafla kwamba wana watoto chuoni. Mityueli, yaani vyama vya watu wa sehemu moja, hupigiwa simu. Magari hupatikana. Mwanafunzi huambiwa arudi akajiandikishe nyumbani ili nyumbani kusipungukiwe kiti. Hoja hiyo si ya uongo, na mwanafunzi anayeamua kuifuata kwa akili yake sina ugomvi naye. Ila nimeona kwamba magari yale ya Februari huwa hayaonekani tena Desemba. Aliyekuhitaji uhesabiwe si lazima akuhitaji upige kura.

Upande mwingine wa mvutano huo ni mchungu zaidi. Kolwezi ni mji wa migodi, na watu wake wametoka kila upande tangu enzi za kampuni ya Union Minière, wakati wa ukoloni. Wapo watakaomwambia mwanafunzi aliyezaliwa Mwene-Ditu au Mbuji-Mayi, upande wa Kasai, kwamba huku si kwake, akaandikishwe kwao. Maneno hayo yana umri mkubwa kuliko wengi wetu hapa. Mara ya kwanza Wakongo kupiga kura katika eneo letu la shaba ilikuwa Desemba 1957, kura za komini za Élisabethville na Jadotville, ndizo Lubumbashi na Likasi za leo. Wanaume tu. Matokeo ya Élisabethville yaliwapa wageni uongozi wa komini za Waafrika, wengi wao wenye asili ya Kasai, na kinyongo cha matokeo hayo kilichangia kuzaliwa kwa chama cha Conakat mwaka uliofuata. Walio na umri wangu hawahitaji kuambiwa hali ilikuwaje katika stesheni za reli za Katanga mwaka 1992 na 1993, watu wenye asili ya Kasai walipofukuzwa. Nasema haya si kwa kufukua makaburi. Nasema kwa sababu mwanafunzi mwenye miaka 19 akifukuzwa kwenye foleni ya kuandikishwa kwa sababu ya jina la babu yake, anayemfukuza hana sheria mkononi. Sheria inauliza uraia, umri na makazi. Hata Marekani swali hili lilifika Mahakama Kuu: mwaka 1979, katika kesi iliyotokana na wanafunzi weusi wa Prairie View, Texas, iliamuliwa kwamba mwanafunzi asiwekewe masharti ya ziada ya kuthibitisha makazi pale anaposoma.

Nije sasa kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali kuzungumza leo. Tukiwaambia wanafunzi wapige kura, wanatujibu kwa swali: kwa nini? Katika uchaguzi wa rais wa 2018 Kanisa Katoliki lilitawanya waangalizi wapatao elfu 40, na tarehe 10 Januari 2019, matokeo yalipokwisha kutangazwa, maaskofu walisema hadharani kwamba hayalingani na takwimu zao. Baada ya kura za 2023 CENI yenyewe, Januari 2024, ilifuta kura za wagombea 82 kwa udanganyifu, wengine wakishutumiwa kushika mashine za kupigia kura kinyume cha sheria, na wamo humo mawaziri na magavana. Kijana anayesoma habari hizo kwenye simu yake anauliza kwa haki kabisa. Kumjibu kwamba kura ni wajibu wa raia ni kumfunga mdomo. Hata mimi singeridhika.

Jibu langu ni komini. Tarehe 20 Desemba 2023, kwa mara ya kwanza chini ya Katiba hii ya 2006, wakaaji wa miji mikuu ya majimbo walichagua madiwani wa komini. Sehemu nyingine za nchi zilikosa, fedha hazikutosha. Hapa kwetu Dilala na Manika zilikuwamo, maana Kolwezi ni makao makuu ya jimbo. Wengi wenu mliokuwa mbele ya mashine mnakumbuka ile kura ya nne, baada ya rais, mbunge wa taifa na mbunge wa jimbo. Watu waligusa picha yoyote ili watoke. Naona aibu kusema, lakini hata wasomi walifanya hivyo.

Sasa fungueni Kanuni ya Madini ya Machi 2018. Mrabaha wa madini hugawanywa hivi: nusu serikali kuu, asilimia 25 jimbo, asilimia 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na asilimia 15 kwa ile komini, sekta au uchefu ambao uchimbaji unafanyika ndani yake. Kobalti, tangu ilipotangazwa madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, inatozwa asilimia 10 badala ya 3.5. Kwa mji uliozungukwa na mashimo kama wetu, hiyo asilimia 15 si hela ya kununulia mafagio. Na kwa sheria ya 2008 ya serikali za chini, baraza la komini ndilo lenye mamlaka ya kupitisha bajeti na kumchagua burugumestre, yaani mkuu wa komini, ambaye kwa miaka yote hii amekuwa akiteuliwa kutoka Kinshasa. Barabara ya kwenda chuo inayogeuka mto kila Januari, taa, maji ya kisima yenye rangi isiyoeleweka: hayo yako mikononi mwa watu wanaochaguliwa kwa kura chache. Kiti cha Bunge huamuliwa na maelfu. Diwani anaweza kupita au kuanguka kwa tofauti ambayo auditwari moja ya chuo ingeijaza. Mwanafunzi wa jiolojia anayeweza kusoma ripoti ya mrabaha ana sababu ya kumchagua diwani kuliko mtu yeyote mjini.

Kwa wale wanaochelea wizi wa kura, ngazi hiyo ndiyo inayolindika kwa urahisi zaidi. Matokeo hubandikwa kwenye mlango wa kituo baada ya kuhesabu. Mwanafunzi mmoja kwa kila kituo, akiwa shahidi au mwangalizi, akiipiga picha karatasi hiyo ya matokeo na kuituma kwa wenzake wa kujumlisha, ni kazi ya usiku mmoja. Najua kazi ya ushahidi imeharibiwa: mwanasiasa huja chuoni, hutoa fulana na faranga za siku moja, na shahidi huondoka kabla ya kuhesabu kwa sababu amelipwa kukaa, hakulipwa kuangalia. Kama chuo kitaandaa mashahidi, afadhali wachache wanaobaki mpaka usiku.

Kuhusu kadi zenyewe nitapita haraka. Zile za 2023 wino ulififia hata nyingine zikawa karatasi tupu, na CENI ikalazimika kutoa nakala kabla ya kura. Mwenye kadi aipige picha mapema, anakili namba yake na jina la kituo, na aende kutazama jina lake kwenye orodha mara inapobandikwa, asingoje siku yenyewe. Na wale watakaotaka kuwafundisha wazazi mashine, wafanye hivyo nyumbani, kwa utulivu: kuingiza karatasi, kugusa namba, kuthibitisha, kuitumbukiza sandukuni. Kuingia na mzee kibandani kunaruhusiwa tu pale mzee mwenyewe anapoomba msaada na kumchagua wa kumsaidia.

Muhula wa miaka 5 unatupeleka Desemba 2028. Ninachopendekeza semina hii ikijadili ni barua mbili. Ya kwanza iende kwa wakuu wa vyuo vyote vya mji, mara tu CENI itakapotangaza tarehe, kuomba kwamba likizo ya mwisho wa mwaka ianze baada ya siku ya kura, au ianze mapema vya kutosha mtu afike Kasaji bila kulala njiani. Ya pili iende CENI, kuuliza kama mwanafunzi aliyehama anaweza kubadilishiwa kituo wakati daftari la wapiga kura litakapofunguliwa upya, na kwa masharti gani, ili jibu libandikwe kwenye mbao za matangazo kabla foleni hazijaanza. Nauli sijaigusa, kwa sababu sina jibu zuri. Mabasi ya wagombea yapo na yatakuja; mimi ningependa kamati za wanafunzi zikusanye mchango wao wenyewe kuanzia mwaka 2027, hata kama utatosha basi moja tu la kwenda Dilolo. Wenye mawazo bora kuhusu hilo, kipaza sauti ni chenu.