Pikapu ya Kikundi Ikichemka



Ndugu zangu wa vikundi, pikapu ikichemka kati ya Kajiado na Kitengela, maziwa yakiwa nyuma, haraka ndiyo hutuletea hasara. Mshale wa joto ukipanda, egesheni, zimeni injini, mngoje nusu saa au zaidi. Msifungue kifuniko cha rejeta ikiwa moto. Maji yataruka yamchome mtu uso. Wala msitie maji baridi: silinda hedi yaweza kupasuka, na hiyo ni bei ya ng'ombe.

Injini ikishapoa, jiulizeni:

Kwanza, maji yamepungua? Tazameni mipira, rejeta na pampu, kama panavuja.

Pili, maji yapo? Bonyezeni fanibelti. Je, imelegea au imekatika?

Tatu, vumbi na nyasi zimeziba rejeta? Ioshwe kutoka upande wa injini kwenda nje. Hata ndani huziba: maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, huacha ukoko kama wa birika. Tieni maji ya mvua.

Nne, maji hupungua na hapavuji popote? Chomoeni kijiti cha oili. Oili ikifanana na chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua. Msiendeshe tena, gari livutwe.

Sasa mwambieni fundi mlichoona, asiwaambie tu, "Injini imekufa." Mweka hazina adai risiti, na vipuri vilivyotolewa virudishwe kikundini. Gari ni jasho la wote.

Mungu awabariki.