Sungura wa Kufugwa na Sungura wa Porini

(Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Matai)



Nimeombwa nizungumze juu ya sungura. Huenda baadhi yenu mnajiuliza kwa nini wakulima wa mahindi, maharage na ulezi washughulike na mnyama mdogo namna hii. Sababu ni kwamba ufugaji wake hauhitaji mtaji mkubwa, tena uwanda wetu wa juu wa Ufipa una ubaridi unaomfaa, kwani sungura huumizwa zaidi na joto kuliko baridi. Lakini fedha ya mwanachama, ijapokuwa kidogo, hupotea upesi anapofuga mnyama asiyemfahamu.

Kosa la kwanza hutokana na jina. Twamwita sungura yule wa bandani, na twamwita sungura pia yule anayechomoka katika nyasi mbele ya mbwa. Huyu wa porini, ambaye jirani zetu wa Zambia humwita kalulu, ndiye mjanja wa hadithi za wazee. Wataalamu wa elimu ya wanyama huwatenga hao wawili. Wa mbuga zetu ni wa jenasi ya Lepus. Wa kufugwa ni Oryctolagus cuniculus, ambaye asili yake ni Hispania, Ureno na kusini ya Ufaransa, akaletwa huku na wageni. Wote ni wa familia moja, Leporidae, kama vile ng'ombe na mbuzi walivyo wa familia moja, lakini hawazaliani. Chembe za mwili wa sungura wa kufugwa zina kromosomu 44, na za yule wa porini 48.

Tuseme mwanachama amekamata dume porini, akalitia bandani kwa jike la kufugwa ili aokoe gharama ya kununua dume. Atangoja mwaka mzima asipate hata kitoto kimoja. Zaidi ya hayo, kukamata mnyama wa porini bila kibali ni kosa mbele ya sheria.

Watoto wao pia hutofautiana. Sungura wa porini hubeba mimba siku 40 na zaidi, akazaa juu ya ardhi watoto wenye manyoya na macho yaliyofunguka. Wa kufugwa hubeba siku 31 hivi, akazaa watoto vipofu, wasio na manyoya. Kwa asili yeye huzalia shimoni. Kwa hiyo bandani hana budi kupewa sanduku lenye majani makavu, nalo liwekwe siku ya 28. Mama atanyonyoa manyoya ya mwili wake ayatandike humo. Katika ubaridi wetu, watoto waliozaliwa juu ya sakafu tupu hufa usiku uo huo.

Kosa la pili ni kudhani sungura ni jamaa ya panya. Wataalamu wenyewe walidhani hivyo kwa muda mrefu, hata mwaka 1912 J. W. Gidley wa Marekani alipoonyesha kwamba yafaa sungura wawe na oda yao wenyewe, Lagomorpha. Alama yake mtaiona mkifungua kinywa: panya ana meno mawili ya mbele katika taya la juu, lakini sungura ana manne, mawili madogo yakijificha nyuma ya yale makubwa. Meno hayo hayakomi kukua. Asiyepewa majani magumu na vijiti vya kutafuna, meno yake hurefuka kupita kiasi, akashindwa kula.

Yako mambo mengine mawili yanayowatisha wafugaji bure. Sungura hula kinyesi chake kilicho laini, akikipokea kwa kinywa kinapotoka. Huo si ugonjwa. Ndivyo anavyopata protini na vitamini zilizotengenezwa na vijidudu tumboni mwake. Msinunue dawa kwa ajili hiyo. Pia mama hunyonyesha mara moja tu kwa siku, kwa dakika chache. Msidhani amewatupa watoto wake.

Ndugu Makatibu, jike la sungura halingojei kipindi cha joto kama ng'ombe; yai hushuka saa 10 hivi baada ya kupandwa. Maana yake ni kwamba siku ya kupandwa yatosha kuwa msingi wa hesabu yote. Kila chama kiwe na daftari lenye tarehe ya kupandwa, jina la dume, siku ya 28 na siku ya 31. Jike lipelekwe kwa dume, wala si dume kwa jike, kwa maana jike hupigania banda lake. Daftari hilo litatuepusha pia na kupandisha ndugu kwa ndugu.

Tumjue kwanza mnyama tuliye naye, ndipo tumtarajie faida.