Virusi Vilivyopanda Garimoshi
Mhadhara wa umma kwa wakaaji wa Hewa Bora, Lubumbashi



Nianze na reli. Mwaka 1910 reli kutoka Rhodesia ilifika Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Mwaka 1928 njia ya kampuni ya reli ya BCK iliunganisha Bukama na bandari ya Ilebo, kwenye mto Kasai, na toka hapo msafiri alishuka kwa boti mpaka Kinshasa. Wazee wetu wengi waliokuja kutumika kampuni ya migodi ya Union Minière walipita njia hizo. Virusi vya sida navyo vilipita humo humo.

Siyo mimi ninayesema. Mwaka 2014 watafiti, wakiwemo wa vyuo vya Oxford na Leuven, walichapisha katika jarida la Science kazi waliyoifanya kwa kulinganisha virusi vilivyokusanywa Afrika ya Kati, wakafuata ukoo wake kurudi nyuma. Ukoo uliwafikisha Kinshasa, karibu mwaka 1920. Toka hapo ulifuata reli, na wanakadiria kwamba mwishoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa umeshaingia Mbuji-Mayi na Lubumbashi. Tawi moja, aina C, wanaona lilianza kuenea huku kwetu kwenye migodi kabla ya kushuka kusini mwa Afrika. Leo karibu nusu ya watu wote duniani wenye virusi wana aina hiyo.

Sasa fanyeni hesabu. Madaktari waliutambua ugonjwa huu mwaka 1981. Maana yake, kwa zaidi ya miaka arobaini virusi vilikuwa vikizunguka katika miji hii ya kazi, katika kambi za wafanyakazi na ndani ya ndoa, bila mtu kuvijua. Anayeniambia sida ni adhabu ya wanawake wa baa, namwuliza: hao wa kambi za 1940 waliadhibiwa kwa kosa gani? Virusi hufuata watu wanaotembea kutafuta mkate. Wakati ule vilifuata garimoshi. Leo dereva wa lori anayelala foleni mpakani Kasumbalesa yuko katika hatari ile ile, na anastahili kondomu na kipimo, siyo mahubiri.

Lakini aibu tumeishikilia, na inatuumiza kwa njia ya wazi kabisa. Mtu anavuka mji mzima kwenda kupimwa mahali asipojulikana. Mama anaficha dawa ndani ya mfuko wa unga wa bukari. Shemeji akija kukaa wiki mbili, dawa hazimezwi. Dawa zikikatwa-katwa hivyo, virusi vinaongezeka mwilini na vinaweza kuzoea dawa. Kumbe mtu anayezimeza kila siku, mpaka kipimo kishindwe kuviona virusi katika damu yake, hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Mama mjamzito asiyetibiwa, hatari ya mtoto kuambukizwa ni kati ya 15 na 45 kwa mia. Akitibiwa, inashuka chini ya 5. Kwa hiyo anayemcheka jirani hadi aache dawa amesaidia virusi kuingia nyumba nyingine.

Sheria iko. Ile ya tarehe 14 Julai 2008 inamlinda mwenye virusi asibaguliwe. Ilikuwa pia na kipengele cha kumfunga anayeambukiza kwa makusudi. Kilifutwa mwaka 2018, na kwa maoni yangu kilichelewa kufutwa, kwa sababu asiyejua hali yake hashtakiwi, na hivyo kiliwafundisha watu wasipime.

Kuchomwa kidole na kusubiri jibu hakufikishi nusu saa. Ukiwa ulijiweka hatarini ndani ya miezi mitatu iliyopita, rudi upimwe tena. Mababa, msiwaachie wake zenu kazi hiyo wakati wa mimba tu, nendeni pamoja. Na ukimkuta jirani kwenye benchi ya kituo cha afya, msalimie, kaa karibu naye, na ukirudi nyumbani usimtaje.