Haki ya Kuandika Barua: Somo la Uraia Darasani na Kambini

Hotuba ya mwalimu wa sekondari kwa wazazi na viongozi wa wakimbizi wa ndani, Kalemie, jimbo la Tanganyika



Niliombwa niwaeleze tunachowafundisha watoto wenu katika somo la uraia, kwa sababu wazazi fulani walishtuka kusikia kwamba wanafunzi wa darasa la sita ya sekondari waliandikia barua ofisi ya serikali. Baba mmoja aliniuliza: mwalimu, sasa unafundisha watoto siasa? Ni swali la haki na nitalijibu. Kwanza tuelewane juu ya somo lenyewe.

Katika programu ya taifa linaitwa elimu ya uraia na maadili. Lina saa moja tu kwa juma, na mara nyingi ni saa ya mwisho, wakati mabati yamepata moto na watoto wana njaa. Linafundishwa kwa Kifaransa. Mwalimu anaandika ubaoni, mwanafunzi ananakili: raia ni nani, taifa ni nini, haki ni nini, wajibu ni nini. Siku ya mtihani anarudisha maneno yale yale kama alivyoyapokea, anapewa alama, na mambo yameisha. Akirudi nyumbani hawezi kumweleza mama yake hata neno moja la yale aliyoandika.

Ninyi wa umri wangu mnakumbuka wakati wa Zaire. Hatukuitwa bwana wala bibi, tuliitwa sitwayeni, na kila Mzaire alihesabiwa kuwa mwanachama wa MPR tangu kuzaliwa kwake, apende asipende. Baadaye vikaja vita, na neno raia likapata maana nyingine midomoni mwetu: mtu asiye na bunduki. Askari wako kule, raia wako huku. Kijana aliyekua katika miaka hiyo akisikia neno raia, anamwona mtu amebeba godoro kichwani anakimbia. Basi nikianza somo langu najua kwamba neno lenyewe limechoka.

Tena kuna ile Artikle 15 yetu. Kila Mkongomani anaijua: jipange mwenyewe. Tumeicheka na kuiishi tangu babu zetu. Mimi huwauliza wanafunzi: Katiba ya Kongo, ile iliyopitishwa kwa kura ya maoni mwezi Desemba 2005 na kutangazwa tarehe 18 Februari 2006, kifungu chake cha 15 kinasema nini? Darasa zima linacheka na kujibu: kujipanga! Halafu tunasoma. Kifungu cha 15 kinaagiza mamlaka za serikali zihakikishe kwamba ujeuri wa kingono unaondolewa. Kicheko kinakatika hapo hapo. Wasichana ndio wanaoinua vichwa kwanza. Kuna wengine kati yao ambao kifungu hicho kinawahusu kuliko kinavyonihusu mimi ninayekifundisha, na sitasema zaidi.

Sasa nije kwenye barua.

Mwaka wa masomo uliopita nilikuwa na wanafunzi 47 katika darasa la sita. Wengine ni watoto wa hapa mjini. Wengine ni watoto wa familia zilizokimbia kutoka Nyunzu na Manono katika mapigano ya Watwa na Waluba. Mnakumbuka miaka ya 2016 na 2017, jinsi familia zilivyolala katika madarasa ya mji huu na masomo yakasimama. Wengine ni wapya zaidi, waliofika na mashua mwaka 2025 kutoka upande wa Uvira. Mtoto wa darasa la sita anajiandaa kwa mtihani wa serikali, na ili aandikwe lazima aonyeshe buletini za miaka iliyopita. Wanafunzi 11 hawakuwa nazo. Anayekimbia usiku anabeba mtoto na sufuria, habebi buletini.

Niliwaambia wanafunzi: tuna somo la uraia, tuone kama litatusaidia. Tukafungua kifungu cha 27 cha Katiba. Kinasema kwamba kila Mkongomani ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya serikali, peke yake au pamoja na wenzake, na kwamba mamlaka hiyo inapaswa kumjibu katika muda wa miezi mitatu. Kinaongeza kwamba mtu hawezi kushtakiwa kwa sababu ya kuandika ombi la namna hiyo. Tulikisoma kwa Kifaransa, kisha nikawaagiza waende nyumbani wakawaeleze wazazi wao kwa Kiswahili, na warudi na maswali ya wazazi. Maswali yaliyorudi yalikuwa makali kuliko yangu.

Swali la kwanza lilitoka kwa wanafunzi wa mji wenyewe. Kijana mmoja alisimama akasema wazi: kwa nini mimi nisaini barua ya wakimbizi? Sikumkemea. Watoto hawa wamebanana watatu au wanne kwenye benchi moja tangu familia za ugenini zilipofika, na kunyamazisha manung'uniko hakuyaondoi. Tulisoma kifungu cha 66, kinachompa kila Mkongomani wajibu wa kumheshimu mwananchi mwenzake bila ubaguzi. Kusema kweli kifungu hicho hakikumgeuza. Kilichomgeuza ni mwenzake wa benchi, mtoto wa hapa hapa, aliyesema kwamba buletini zake mwenyewe zilikwenda na maji wakati ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba za pwani. Kumbe kati ya wale 11, wawili walikuwa wenyeji. Tangu dakika hiyo haikuwa tena barua ya wakimbizi.

Swali la pili lilitoka kwa mama mmoja wa kambini. Alimtuma mwanawe aniambie: kule tulikotoka, waliandika majina ya watu kwenye karatasi, na baadaye karatasi ile ilitumika kuwatafuta. Hakutaka jina la mtoto wake liandikwe popote. Wazazi, mama huyo ana akili. Siwezi kusimama hapa na kuwadanganya kwamba kifungu cha Katiba kinazuia risasi. Ndiyo maana tulifanya mambo matatu. Tulichagua shauri la shule tu, bila kumshitaki mtu yeyote wala kulitaja kundi lolote. Tulimwacha huru kila asiyetaka kusaini. Na barua tuliipitisha kwa prefe wa shule na kwa komite ya wazazi, ili majina ya watu wazima yatangulie. Mtoto wa mama yule hakusaini, lakini shauri lake liliandikwa pamoja na ya wengine, kwa hesabu bila jina.

Namna ya kuandika nitaieleza polepole, kwa maana hata ninyi viongozi wa kambi mtaihitaji. Barua inaandikwa kwa ofisi moja inayohusika, si kwa ofisi kumi. Inataja tarehe na kifungu cha 27. Inaeleza mambo yaliyotokea kwa mistari michache, pasipo matusi na pasipo kulia. Inaomba kitu kimoja: sisi tuliomba tuelezwe ni ushahidi gani unaweza kupokelewa badala ya buletini zilizopotea. Iandikwe nakala mbili. Nakala moja inabaki ofisini. Ya pili mnarudi nayo ikiwa na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Msikubali kuambiwa iacheni tu hapo. Bila muhuri ule hamna siku ya kuanza kuhesabu miezi mitatu, na mtu akikana kwamba aliipokea, mtamwonyesha nini?

Wanafunzi wawili, msichana na mvulana, waliipeleka pamoja na mzazi mmoja. Mara ya kwanza waliambiwa warudi kesho. Mara ya pili waliulizwa nani amewatuma. Msichana alijibu kwamba wametumwa na somo la uraia, na karani akacheka, akapiga muhuri. Wiki 7 zilipita kimya. Tukaandika barua fupi ya kukumbusha. Katika wiki ya 11 jibu lilifika: mwanafunzi anaweza kukubaliwa iwapo prefe wa shule yake ya zamani atatoa ushahidi wa maandishi pamoja na palmaresi za miaka ile.

Hapo kazi ikawarudia wanafunzi wenyewe. Walizunguka kambini nyumba kwa nyumba wakiuliza walimu wa zamani wako wapi. Prefe mmoja walimkuta kando ya barabara, anatengeneza baiskeli. Alikuwa amekimbia na palmaresi za shule yake ndani ya mfuko wa unga wa muhogo, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza habari yake. Wanafunzi 5 walipona kwa mfuko ule mmoja. Wengine 3 walipata ushahidi kwa njia nyingine. Wawili wangali wanangoja. Wa mwisho, msichana mwenye akili sana ya hesabu, hakungoja. Aliacha shule kabla jibu halijafika, na sasa ameolewa. Namtaja ili msidhani miezi mitatu ni kitu kidogo. Kwa ofisi ni muda wa kawaida. Kwa msichana wa miaka 18 anayelala chini ya shitingi na wadogo zake watano, ni muda wa kutosha kukata tamaa.

Sasa namrudia yule baba aliyeniuliza habari ya siasa. Baba yangu, kama siasa ni kumpigia debe mtu wa chama fulani, hapana, darasani kwangu haiingii. Lakini Katiba yenyewe, kifungu cha 45, inazipa mamlaka za serikali wajibu wa kuhakikisha Katiba na haki za binadamu zinafundishwa. Na kifungu cha 62 kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Ikiwa mtoto wako atahukumiwa kwa sheria, afadhali aisome. Tena aisome sawasawa: kuna wazazi wanaodai sekondari iwe bure kwa sababu Katiba imesema. Kifungu cha 43 kinasema shule ya msingi ya serikali ni ya lazima na ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kulitekeleza hilo. Sekondari haikutajwa pale. Mwanafunzi anayejua tofauti hiyo hatadanganywa na mwanasiasa, wala hatamkosea mwalimu anayedai ada halali.

Kwenu ninyi mlio wakimbizi wa ndani nina neno la pekee. Nimehudhuria mikutano mingi ya wazazi. Wenyeji wanakaa mbele, ninyi mnakaa nyuma karibu na mlango. Mkiulizwa neno mnasema: sisi ni wageni tu, tutafuata. Jamani, mgeni katika nchi gani? Hamkuvuka mpaka wowote. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya uhamisho wa ndani zinasema, katika kanuni ya 22, kwamba mtu aliyehamishwa asibaguliwe katika kushiriki kwa usawa mambo ya jamii, katika kujiunga na vyama na katika kupiga kura. Kupiga kura kwenyewe kunaweza kukwama: katika uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023, ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru huko Kivu ya Kaskazini, na wa Kwamouth huko Mai-Ndombe, hawakupiga kura kwa sababu ya ukosefu wa usalama. Lakini kuketi katika komite ya wazazi hakungoji CENI. Kuuliza ada imetumikaje hakungoji CENI.

Wakubwa wa mitaa, nanyi nawaomba msione mkimbizi anayeuliza kama mtu asiye na shukrani. Ameketi kwenu miaka, mtoto wake anafagia shule ile ile na mtoto wako, analipa ada ile ile.

Mambo ninayoomba leo ni machache. Komite ya wazazi itachaguliwa upya mwanzoni mwa mwaka wa masomo. Kila kambi ilete majina mawili, moja la mama na moja la baba, na wasiwe wale wale tunaowaona katika kila komite ya chakula. Viongozi wa kambi waandike walimu, maprefe na wadirekta wote waliokimbia pamoja nanyi, na waulize kila mmoja kama alibeba palmaresi au daftari lolote la shule. Zikihifadhiwa vizuri kabla panya na mvua hazijazimaliza, watoto wa mwaka ujao hawatazunguka nyumba kwa nyumba. Orodha hiyo ibaki mikononi mwa komite. Yule mama alitufundisha kuchunga karatasi yenye majina.

Na wale wanafunzi wawili wanaongoja, tumewaandikia barua ya pili. Muhuri wake una wiki 4 sasa. Nakala ninayo hapa, anayetaka kuisoma aje aisome, na asiyesoma Kifaransa wanafunzi wangu wako pale mlangoni, watamweleza kwa Kiswahili.

Sasa nasikiliza maswali.