Tuombe Nyumbani Kwanza
(Mazungumzo yaliyotolewa siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi)



Awali ya yote nawapongeza kwa kutimiza miaka kumi. Vikundi vingi huanza kwa vigelegele na kufa kwa ugomvi wa daftari. Nyinyi mmefika. Nimeombwa nizungumzie fedha za hifadhi, kwa kuwa nimefanya kazi miaka kumi na miwili katika shirika la kimataifa la mazingira, na kwa kuwa nyinyi mna kitalu cha mikoko kule pwani ambacho sasa hakina wa kukilipia. Nitajaribu kuwa mfupi, maana harufu ya pilau imeshanifikia.

Nianze na kosa, na kosa lenyewe ni letu sisi tuliokaa ofisini. Shirika nililolitumikia lilikuwa na mashua ya doria, mlinzi wa mikoko na bwana wa kitalu. Wote walilipwa kwa fedha za nje. Siku moja ikaja barua: ufadhili umekwisha, mkataba hauongezwi. Mashua ikapandishwa mchangani, mlinzi akaambiwa arudi kwake. Tukaitisha mkutano wa kuwaaga watu. Bibi mmoja, mkulima wa mwani, akasimama akaniuliza: "Mwanangu, mafuta ya mashua ile kwa mwezi ni kiasi gani?" Nikamtajia. Akahesabu kwa vidole, akatazama watu waliokaa, akasema: "Hizo tungechanga. Miaka yote hii hamjatuomba hata shilingi. Mlituona hatuna, au mlituona hayatuhusu?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na leo nataka niwape kile nilichokipata.

Mambo haya yana historia. Mwezi Septemba 1961, miezi michache kabla ya Uhuru wa Tanganyika, palifanyika mkutano Arusha juu ya wanyamapori. Hapo Mwalimu Nyerere akatoa tamko kwamba tunaipokea dhamana ya kuwatunza wanyama kwa ajili ya wajukuu zetu, lakini kazi hiyo inataka utaalamu, watu waliofunzwa na fedha, na mataifa mengine yatusaidie. (Msilichanganye na Azimio la Arusha la 1967, lile ni jingine.) Mwezi huohuo shirika la WWF likaanzishwa kule Ulaya. Oktoba yake gazeti la Daily Mirror la Uingereza likatoa ukurasa wa mbele picha ya kifaru wa Afrika na kuwaambia wasomaji kuwa wanyama hawa wanakwisha. Kwa muda wa wiki moja hivi zikapatikana kiasi cha pauni 60,000.

Sasa zingatieni jambo moja. Gazeti lile lilikuwa la watu wa kazi za kawaida. Waliotoa hawakuwa mabwanyenye watupu. Walitoa kwa sababu waliombwa, wakaelezwa fedha zinakwenda wapi. Kifaru alikuwa wetu, lakini maombi yalifanyika kwao. Na ujuzi wa kuomba ukakua hukohuko: kuweka orodha ya wachangiaji, kuwaandikia barua za shukrani, kumshawishi mtu atoe kidogo kila mwezi, hata kumkumbusha aandike katika wasia wake. Sisi wa huku tuliajiriwa kutumia fedha na kuandika ripoti. Ripoti tulifunzwa sana. Kuomba hatukufunzwa.

Mtu asiyejua kuomba jirani yake hubaki na mlango mmoja wa kugonga. Mlango huo ukifungwa, amekwisha. Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai mwaka ule shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Miradi ya hifadhi nayo iliguswa, katika nchi nyingi. Wengi walishtuka kama mtu aliyeamka akakuta kisima kimekauka, wala hakuwahi kujifunza kuchimba kingine.

Lakini nyinyi mama zangu mnajua kuchimba. Hapa ndipo ninapotaka kufika. Mtindo wa vikundi kama hiki ulianzia Niger mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CARE. Wanawake waliweka akiba yao wenyewe, wakakopeshana wenyewe, bila ya mtaji wa kutoka nje. Karibu na mwaka 2000 shirika hilohilo likauleta hapa Unguja, katika vijiji vinavyozunguka msitu wa Jozani, ndani ya kazi ya kuhifadhi msitu. Mwaka 2004 msitu ule ukawa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Sababu ya kuuleta ilikuwa wazi: huwezi kumwambia mama aache kukata kuni msituni ikiwa hana njia nyingine ya kupata senti. Kwa hiyo sanduku lenu na kima punju wa Jozani wamelelewa nyumba moja.

Katika vikundi husemwa kuna pesa moto na pesa baridi. Pesa moto ni ile uliyoitoa kwenye upindo wa kanga yako. Inakuunguza, unaiuliza kila wiki iko wapi. Pesa baridi ni ya mtu usiyemjua. Ikipotea, unasema ah, ya mradi hiyo. Mashirika yetu yamekula pesa baridi miaka mingi, na ndiyo maana watu wa kijiji hawakuwa wakituuliza hesabu. Hawakutuuliza kwa sababu hakikuwemo chao.

Yako mahali ambapo watu wa nchi wamejichangia. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 1989 mashindano ya magari porini, yanayoitwa Rhino Charge. Kila gari linaloingia lazima lije na michango iliyokusanywa. Wakachanga watu binafsi, wakachanga makampuni, na fedha zile zikasaidia kujenga uzio wa umeme kuzunguka milima ya Aberdare, kiasi cha kilomita 400. Ulikamilika 2009. Mtaniambia wale wana magari, sisi tuna mwani. Ni kweli. Lakini hata wao walianza na kipande kidogo tu cha uzio, na kila mchangaji aliweza kwenda kukitazama kwa macho yake.

Nikikutana na wakubwa wa mashirika ya nje, nawaambia mambo matatu. Kwanza, watenge fedha za kumfunza mtu wa hapa kazi ya kuchangisha, na wampe miaka miwili au mitatu. Mnazi hauzai mwaka uliopandwa. Pili, fedha zitakazochangwa hapa zibaki katika akaunti ya hapa, na waliochanga wawe na sauti juu ya matumizi yake. Zikipelekwa ng'ambo kisha zikarudi na masharti, watu hawatachanga mara ya pili. Tatu, hesabu ziandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa ukutani, kama nyinyi mnavyozisoma mbele ya wote kila mkikutana.

Na kwenu nyinyi nina maneno. Msichanganye kabisa mfuko wa mikoko na hisa za wanachama. Hisa ni jasho la mtu, na siku ya mgao atazitaka kamili. Wekeni mfuko wake, daftari lake na mtunza hazina wake. Kisha ombeni kwa jambo moja tu linaloonekana. Msiseme "kwa ajili ya mazingira." Semeni "mshahara wa mlinzi wa mikoko."

Muombeni nani? Wale wanaofaidika. Wavuvi, kwa sababu kamba na samaki wengi hukulia kwenye mizizi ya mikoko. Wenye boti za watalii. Hoteli zinazouza mandhari ya pwani hii. Watoto wetu walioko Muscat na Dubai, ambao siku hizi hutuma kwa simu. Kila anayetoa apate risiti, hata akitoa shilingi mia tano, na jina lake lisomwe. Jambo moja tu la tahadhari: zaka ina makundi yake manane yanayostahiki, msiiguse kabla ya kuwauliza masheikh. Sadaka ya kujitolea ina nafasi zaidi, na wazee wetu walichimba visima vya wakfu tunavyoteka maji mpaka leo bila ya kumsubiri mfadhili.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Sisemi wageni waondoke, wala sisemi Serikali ikae pembeni. Mikoko inahifadhi hewa ukaa kwa faida ya dunia nzima, si haki mzigo wake abebe mkulima wa mwani peke yake. Ninachosema ni kwamba anayekaa mezani na chake mkononi husikilizwa tofauti na aliyekuja na bakuli tupu.

Mlinzi wa mikoko yenu yuko hapa, amekaa nyuma. Amelinda miezi kadhaa bila ya malipo, na mnajua kuwa hatoweza kuendelea hivyo. Sitoondoka bila ya kujibu lile swali la bibi. Mnacho, na yanawahusu. Naomba kabla ya chakula Bi Mwenyekiti afungue daftari jipya, na mimi, ambaye nilikula mshahara wa mradi miaka kumi na miwili, niandikwe wa mwanzo.